Aliyebaki Mdumezulu

Ladysmith,
Agosti 9, 1992

Baba Mdogo Mbekwa,

Mwelase, kwa jina la ukoo wetu nakusalimu wewe na Mama na wote mliopo hapo Esidakeni. Mimi mzima. Kiwanda changu cha matofali kinakwenda. Ukame huu umeua mahindi ya watu lakini saruji haujaiweza. Ila sikukuandikia kwa ajili ya matofali.

Gatsheni, dereva wa lori la unga atakayekupa barua hii, mwezi uliopita alipita kwenye lile shamba tulimokuwa tukiishi zamani. Anasema Mdumezulu, yale maporomoko yetu, imebaki uzi. Ukisimama barabarani husikii hata mlio. Bwawa la chini yake, ambalo sisi tulikatazwa hata kulinyooshea kidole, limeshuka mpaka mtu anaweza kuvuka kwa miguu akafika mwamba wa nyuma. Gatsheni alikuwa anapiga soga tu, hajui alichoniambia. Mimi nimejua.

Baba Mdogo, nataka twende tukamchukue Zibuyile kabla mvua hazijaanza.

Kama umeiruka sentensi hiyo, irudie. Namtaka mdogo wangu. Nataka likatwe tawi la mkunazi pori, umlahlankosi, kama linavyokatwa kwa kila mtu wetu aliyefia mbali na kwao. Mzee wa ukoo aende nalo, asimame pale mtoto alipoishia, amwite kwa majina ya ukoo, amwambie tumekuja kukuchukua, na asiseme na mtu mwingine yeyote mpaka amfikishe nyumbani. Mzee huyo ni wewe. Baba hayupo, na kaka hatukujaliwa.

Najua utakachosema. Utasema hakufa. Utasema siku ile wasichana tulipokwenda kulima shamba la Nomkhubulwane, Binti wa Mbingu anayeombwa mvua, Zibuyile aliitwa na maji. Kwamba yuko chini kwa yule nyoka wa maporomoko, anapakwa udongo mweupe na kufundishwa uganga, na siku moja atatokea na shanga kichwani. Na kwamba aliyeitwa na maji haliliwi, maana chozi la ndugu humfungia mlango asitoke. Sijasahau hata neno. Mtu hasahau maneno aliyofukuzwa nayo.

Nililia, ndiyo. Niligeuka kumrudisha ndama, nikageuka tena, fimbo ya Zibuyile inaelea na mwenyewe hayupo. Ulitaka nipige makofi? Shangazi aliniziba mdomo kwa kiganja: "Nyamaza wewe! Unataka kumuua?" Na jua lilipotua wewe, mwenye boma, ulisimama uani ukatamka mbele ya watu wote kwamba mlango wa maji umefungwa, na aliyeufunga anajulikana. Hakuna aliyenipiga. Mlinisogezea tu sahani mlangoni kama mbwa wa jirani. Nikavumilia mpaka mavuno, nikaondoka.

Sasa tupige hesabu wote wawili. Waganga waliopita majini ninaowajua mimi, wengi walitoka baada ya siku chache, na aliyekawia sana alikaa miezi. Zibuyile ana miaka saba tangu apotee. Hata kusomea udaktari si miaka saba.

Tena tuseme yuko hai, akatoka leo. Anakwenda wapi? Mwenye shamba alituhamisha mwaka wa 1987. Atapanda mpaka palipokuwa kwetu, na atakuta kondoo wa Mzungu wamelala kwenye jiko la Mama. Nani atamwonyesha njia ya Esidakeni? Umewahi kuliwaza hilo? Mimi ndilo linaloniamsha.

Nijibu kwa mkono wa Gatsheni.

Qondeni Mazibuko


Esidakeni,
Agosti 21, 1992

Qondeni, mtoto wa kaka yangu,

Barua yako imefika, imejaa vumbi la unga. Nimeisoma peke yangu nyuma ya zizi. Mama yako nimemwambia kwamba unamsalimu na matofali yanauzwa. Hayo mengine sikumsomea, wala sitamsomea.

Hujui jioni zetu zilivyo. Mama yako akimaliza kula hutandika mikeka miwili. Wake, na mwingine. Ule mwingine huukung'uta kwanza, huutandika, huweka na blanketi. Asubuhi huukunja. Hakuna anayemuuliza. Mwanamke huyu alizika mume, akahamishwa kwa lori pamoja na kuku wake, na bado kila siku anaamka, kwa sababu ya mkeka ule. Sasa wewe unataka nimwingizie mwanawe mlangoni akiwa majani. Siku nikikata tawi hilo, nitakuwa nimemuua Zibuyile kwa kisu changu mwenyewe, na wa pili hatakawia kumfuata.

Nyinyi watu wa mjini kila kitu mnakitaka kwa tarehe. Maji hayana kalenda. Nyoka wa Mdumezulu hakusomea udaktari, usimpangie miaka.

Na huyo Gatsheni abebe unga, asibebe habari. Hakuna mtu anayeweza kufika mwamba wa nyuma. Mchanga ule juu umekauka lakini chini unameza. Mguu wa kwanza unashika, wa pili unazama mpaka goti. Achana na jambo hili.

Kuhusu siku ile, hakuna aliyekufukuza. Uliondoka mwenyewe na kapu kichwani, hata kuaga hukuaga. Nani alilia na nani hakulia, mimi sitaki kulirudia. Unalijua.

Ng'ombe wamebaki wanne. Yule mwekundu mwenye pembe moja angali hai. Mkaidi kama wewe.

Baba yako mdogo,
Mbekwa


Ladysmith,
Agosti 27, 1992

Baba Mdogo,

"Mguu wa kwanza unashika, wa pili unazama mpaka goti." Maneno hayo hayapatikani nyuma ya zizi la Esidakeni. Ulikwenda lini? Kutoka hapo mpaka Mdumezulu ni kilomita sitini na zaidi, na wewe huna hata baiskeli. Mtu haendi mwendo huo kutazama mchanga.

Haya, mimi nami nikukumbushe kitu. Siku ya Nomkhubulwane wasichana huvaa nguo za wanaume na kuchunga ng'ombe. Zibuyile alivaa koti lako, lile la mgodini. Wewe mwenyewe ulimfunga vifungo mpaka shingoni, ukamwambia, "Leo wewe ndiye Mbekwa, kachunge, mimi nabaki kupika uji." Boma zima likacheka. Koti lilikuwa linamfika kwenye vifundo vya miguu.

Mimi nilianza na kalibu moja ya tofali, nikichanganya zege kwa mikono hii. Uzito naujua kwa bega. Mfuko wa saruji ni kilo hamsini. Koti lile likinywa maji halipungui theluthi ya mfuko, juu ya msichana asiyejua kuogelea, kwenye mwamba wenye utelezi. Hapo nyoka anahitajika kufanya kazi gani? Simtukani mwenye maji. Nampunguzia lawama.

Nitakuja. Mwenye shamba wa sasa, mtoto wa yule aliyetuhamisha, ananunua matofali kwangu ya kujengea banda la ng'ombe. Nilimwambia bila kumung'unya maneno: nina ndugu yangu kwako, namfuata. Amekubali. Jumamosi, Septemba 19, geti litakuwa wazi mpaka mchana. Usipolibeba tawi, nitalibeba mimi. Majina ya ukoo nayajua yote, Baba alinifundisha, nitayaita moja baada ya jingine mpaka anisikie.

Na huo mkeka, pamoja na heshima yote kwa Mama, haujui njia.

Qondeni


Esidakeni,
Septemba 3, 1992

Qondeni,

Mwanamume wa ukoo akiwa hai na ana miguu, mwanamke habebi tawi. Tena ukisimama wewe pale ukaita, atasikia sauti ile ile ya siku ile, sauti ya kilio, na atazidi kwenda chini. Nakuandikia kwa mkono uliotulia ili ujue sina hasira.

Nilikwenda Mdumezulu kutafuta ndama aliyepotea. Sikumpata. Basi.

Ukileta gari lako hapa siku hiyo utakuta lango limefungwa kwa waya.

Mbekwa


Esidakeni,
Septemba 8, 1992

Qondeni mwanangu,

Huyu ni mimi, mama yako, MaKheswa. Anayeandika ni baba yako mdogo, maana mimi na herufi hatujuani. Nimemwambia aandike kila neno linalonitoka. Akimaliza atanisomea, na nikisikia pengo nitampelekea mke wa mwalimu. Kwa hiyo ataandika.

Barua zako nimezisikia. Mzee huyu hawezi kusoma kimya. Tangu utotoni midomo yake hutangulia macho. Alikuwa nyuma ya zizi anasoma, na mimi ndani ya zizi nakamua. Andika hilo, Mbekwa. Andika "nakamua".

Nimesikia na majibu yake, kwa sababu hata akiandika hujisomea. Ndama! Ndama gani atoke Esidakeni afike Mdumezulu? Alipanda basi?

Mwanangu, koti limepatikana.

Hapa baba yako mdogo ameweka kalamu chini. Nimemwambia andika kwamba umeweka kalamu chini. Ameandika.

Alirudi mwezi wa saba na gunia begani, akaliingiza kwenye ghala la mtama, akaniambia ni ngozi. Ngozi hainuki mto. Kesho yake alipokwenda malishoni nikalifungua. Kitambaa kimebaki nusu. Lakini kifungo cha pili kutoka juu nilikishona mimi, kwa uzi mwekundu, kwa kuwa mweusi uliniishia. Kipo. Nililifua koti lile, nikalianika, likakauka, nikalirudisha kwenye gunia na kulifunga fundo lile lile. Tangu hapo mtu mzima huyu ananificha kitu nilichokwisha kukifua.

Anasema hakujua kwamba najua. Sasa amejua. Nimemwambia anywe maji tuendelee.

Ananiambia koti lilibanwa kati ya mwamba wa nyuma na ukuta, mahali ambapo mtu hafiki maji yakiwa ya kawaida. Anasema lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Hakukuta kingine cha kuchukua. Nilitaka hilo liandikwe, ili lisibaki kichwani mwake peke yake.

Kuhusu mkeka. Natandika kwa sababu sina mahali pengine pa kumweka mtoto. Aliyekufa ana kaburi, aliye hai ana kitanda. Mimi nilipewa nini? Watu walinikataza kumlilia, wakanikataza kumzika. Mkeka hakuna aliyeweza kunikataza. Mbekwa alidhani mkeka ndio unaonishikilia. Nami nilidhani ni yeye anayeuhitaji, kwa sababu kila jioni hupita mlangoni kwangu akachungulia kama umetandikwa, ndipo anakwenda kulala. Miaka saba tunatandikiana mkeka, watu wazima wawili.

La chozi lako sitalisema mimi. Lilitamkwa na mwenye boma uani, mbele za watu. Mwanamke hawezi kulifuta kwa kalamu ya kuazima. Mwenyewe yuko hapa anaandika, amesikia.

Njoo tarehe hiyo uliyosema. Waya wa lango nitaufungua mimi. Mtama wa pombe nimeshauloweka, na mbuzi mweupe nimemchagua.

Mama yako

Alama ya dole gumba hapa chini ni yangu. Doa la maji lililo pembeni yake si langu.


Ladysmith,
Septemba 13, 1992

Mama, na Baba Mdogo,

Barua nimeisoma mara moja tu, kisha nikaenda kumwaga zege, maana nisingeweza kukaa.

Nitafika Ijumaa jioni na pikapu. Benchi ya mbele inachukua watatu: mimi kwenye usukani, Zibuyile katikati, Baba Mdogo mlangoni ukilishika tawi wima. Nimejaribu kwa mifuko ya saruji, nafasi inatosha hata kwa aliyevaa koti. Katikati hapawekwi kitu. Hata kofia yako, Baba Mdogo, ivae au ikalie.

Mchanga unaomeza usikusumbue. Nimepakia mbao ndefu, zile tunazokanyaga tukijenga ukuta. Nitazilaza kutoka ukingoni mpaka kwenye mwamba na utapita kama unakwenda kanisani. Ugoro na shanga nyeupe za kumpa mwenye maji leta wewe, mimi nisije nikanunua zisizofaa. Tawi ulikate wewe, kutoka mti wa huko huko kwetu, si la soko la Ladysmith. Koti libaki na Mama.

Masharti nayajua. Ukishamwita, husemi nami wala sisemi nawe mpaka tumfikishe. Tumenyimana maneno miaka saba, Baba Mdogo, mwendo wa asubuhi moja hautatushinda.

Na nakuahidi sitalia. Sitakupa sababu.

Qondeni


Ladysmith,
Septemba 27, 1992

Baba Mdogo,

Niliondoka Jumapili wewe ukiwa bado umelala chini kwenye nyumba mliyomwandalia Zibuyile, ukimlinda siku yake ya kwanza nyumbani, na Mama akanizuia nisikuamshe. Kwa hiyo nimeondoka tena bila kuaga. Usiliongeze kwenye yale ya zamani.

Wafanyakazi wangu wameniuliza safari ilikuwaje, nikasema barabara ni mbovu. Sikujua niwaambie nini. Nimwambie nani kwamba bwawa lile nililoliogopa maisha yangu yote lilikuwa dogo kuliko uwanja wangu wa kuanikia matofali? Kwamba ulisimama juu ya mbao zangu, ukatupa ugoro na shanga, ukamwomba mwenye maji kwa adabu kama unaomba kupita uani kwa jirani, kisha ukaita "Nzima! Mwelase!" na ukuta wa mlima ukakurudishia? Nilikuwa ukingoni, nimeshika ncha ya ubao. Sikuona nyoka, sikuona Binti wa Mbingu. Niliona ukungu kidogo umebaki juu ambapo maji yanaanza kuanguka, na baba mdogo wa mtu, mzee, suruali imekunjwa mpaka magotini, anazungumza na tawi kama anazungumza na mtoto aliyechelewa kutoka shule.

Lakini nakuandikia kwa ajili ya yale ya garini. Injini ya pikapu ina kelele, na wewe ulikuwa umeliinamia tawi. Nataka kujua kama nilisikia sawasawa. Nayaandika hapa nilivyoyasikia.

Getini ulisema: "Zibuyile, sasa tunatoka. Usigeukie kule, kwetu si kule tena. Walituhamisha wakati wewe haupo. Jiko la mama yako usilitafute, hapo ni kondoo. Kaa tu."

Darajani: "Huu ni Thukela. Inua miguu, maji haya si yako."

Kisha ukafumba macho, nikadhani umesinzia. Kumbe ulikuwa unanipima. Ukasema: "Anayeendesha ni dada yako. Ndiyo, anaendesha, usishike mlango. Anaendesha vizuri kumshinda Gatsheni. Ana kiwanda, watu wazima wanamwita bosi, hata Mzungu wa kondoo anamwamkia kwanza. Hajaolewa, lakini usimuulize, atatushusha hapa hapa njiani." Hapo nilicheka, Baba Mdogo, na siruhusiwi kukujibu, nikang'ata mdomo mpaka ukauma. Ningekujibu ungejuta.

Na baada ya kona ya mikaratusi, ulisema hivi. Haya nimeyasikia, injini au si injini: "Zibuyile, dada yako analia. Ameahidi hatalia, na analia huku macho yake yapo barabarani. Wewe usirudi nyuma kwa sababu hiyo. Chozi hili halijafunga mlango, na lile la kwanza halikuufunga. Neno lile nililitamka mimi kama mwenye boma, na leo nalirudisha kama mwenye boma. Nimelitoa kwake. Mwache alie, wewe njoo tu nyumbani."

Nilikuwa nakwenda sitini kwa saa. Sikuzidisha wala sikupunguza, uliona mwenyewe.

Sasa hili ndilo ninalolitaka. Maneno yale uliyasema kwa Zibuyile. Kwa masharti ya tawi, mimi sikuwemo kwenye mazungumzo, nilikuwa dereva. Nililaumiwa kwa jina langu, uani, mbele za watu. Siwezi kusamehewa kwa kupitishiwa, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nataka kuambiwa mimi, kwa jina langu, nikiwa na ruhusa ya kujibu.

Usinielewe vibaya. Nashukuru. Lakini nataka.

Qondeni


Esidakeni,
Oktoba 18, 1992

Qondeni,

Ulikuwa mkaidi tumboni, mama yako anasema, na mimi nasema hukuwahi kupumzika.

Mvua imekuja. Imeanza Jumatano na mawe yake, imeng'oa mabati mawili ya kanisa, na watu wanasema nyoka amehama bwawa kumtafuta mwenzake. Waache waseme. Gatsheni kapita kule jana. Anasema Mdumezulu inasikika tangu njia panda, na mwamba wa nyuma hauonekani tena. Mbao zako mbili ulizosahau zimekwenda na maji. Tungengoja mpaka leo, tusingempata. Wewe ulisema, na mimi nilikuwa nafunga lango kwa waya.

Umeandika kwamba ulinisikia. Maneno ya tawi ni ya tawi, mimi sijadili mazungumzo yangu na marehemu. Ila umesikia sawasawa.

Jumapili iliyopita, siku tuliyozika koti, mbuzi wa maziko alipokwisha kuliwa na pombe kubaki nusu, nilisimama uani. Shangazi yako alikuwepo, na majirani tuliohamishwa nao, wale wale waliokuwepo siku ile, isipokuwa waliokufa. Nikasema: Qondeni, binti wa kaka yangu, hakumfungia mtu mlango. Zibuyile aliteleza na koti langu. Neno nililolitamka juu ya Qondeni nimelitoa, na atakayelitamka tena asikanyage hapa. Shangazi yako akakohoa. Nikamuuliza kama ana neno. Akajimiminia pombe.

Na sasa nakuambia wewe, si tawi, na ruhusa ya kujibu unayo: Qondeni, hukumuua mdogo wako. Ulimlilia, kama mtu anavyomlilia mtu wake. Wengine wote tulichelewa.

Koti tumelizika karibu na zizi, kichwa kikitazama mlima. Tawi tuliliweka ndani ya nyumba yake, upande wa nyuma, mahali pa wahenga, majani yakakauka, nalo tukalizika pamoja na koti. Sasa pale panahitaji ukingo, ng'ombe mwekundu ameshaanza kupachungulia. Leta matofali. Na usituuzie kwa bei ya Mzungu.

Wasichana wa hapa walikuja jana kuomba nguo za wanaume. Mvua imelainisha ardhi na wanataka kulima shamba la Nomkhubulwane kando ya kijito. Mama yako alinitazama, nikamtazama. Nikawapa shati, la mikono mifupi. Nikawaambia kijito kisizidi magoti, na anayechunga asiache kuwatazama wenzake. Wakacheka, wakasema mzee huyu ameanza kuzeeka. Wakaondoka wakiimba.

Mama yako anatandika mkeka mmoja. Jioni ya kwanza ya mkeka mmoja alianza kulia, na hajamaliza. Siku ile niliinuka kwenda kumnyamazisha, kwa mazoea tu, miguu ilikwenda yenyewe. Akanitazama. Nikakaa naye chini.

Anasema kuna kilio alichokuwekea, mlie wawili. Kwa hiyo njoo, funga kiwanda siku mbili, saruji haitakimbia. Waya wa lango nimeutoa. Na safari hii ulie kwa sauti, mpaka wasikie kule kwenye kanisa lisilo na mabati. Mimi nitakuwa nimekaa hapo mlangoni. Mwenye kiganja cha kukuziba mdomo atanikuta mimi kwanza.

Baba yako mdogo,
Mbekwa